Jirani kama Mwamuzi: Hoja ya Kujihami, Upendeleo wa Waamuzi wa Kiraia na Historia ya Wazee wa Baraza, kutoka Marangu na Gilgil hadi Mahakama Kuu Moshi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mjadala wa muda mrefu wa Afrika Mashariki kuhusu watu wasio mahakimu wanaoketi mahakamani kusikiliza kesi za mauaji, hususani pale mshtakiwa anapodai kuwa aliua ili kujihami au kulinda mali. Yanalinganisha njia mbili: juri ya walowezi nchini Kenya, iliyomwachia huru Galbraith Cole mwaka 1911, na utaratibu wa wazee wa baraza uliotumika Tanganyika na baadaye Tanzania, ukiwemo uliotumika katika vikao vya Mahakama Kuu mjini Moshi. Hoja kuu ni kwamba upendeleo wa waamuzi wa kiraia haukuwahi kuondolewa kwa kubadilisha watu wanaoketi. Tofauti kubwa kati ya njia hizo ilikuwa katika uwezekano wa upendeleo kuonekana, kupingwa na kujibiwa. Kwa mtazamo huo, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022, yaliyofanya wazee wa baraza kuwa jambo la hiari ya mahakama, yanahitaji kutathminiwa si kama kuondolewa kwa udhaifu tu, bali pia kama kupotea kwa aina fulani ya ushahidi wa kihistoria.

1.0 Utangulizi

Kesi ya kujihami hutofautiana na kesi nyingi za mauaji kwa jambo moja la msingi. Kwa kawaida hakuna ubishi kuhusu aliyefyatua risasi au aliyeshika panga. Ubishi unahusu hofu: je, mshtakiwa aliogopa kweli, na je, mtu mwenye akili timamu aliyekuwa mahali pale, saa ile, angeogopa vivyo hivyo? Sheria hupima hofu kwa kipimo cha mtu wa kawaida, lakini haimtaji mtu huyo kwa kabila, rangi, jinsia wala kijiji chake. Anayemjaza sura ni yule anayeamua. Kwa sababu hiyo, kila mshtakiwa anapoachiwa huru katika kesi ya namna hii, umma huacha kuuliza alichofanya mshtakiwa na kuanza kuuliza ni nani walioketi kumhukumu.

Swali hilo si la Afrika Mashariki peke yake. Nchini Marekani, baada ya juri ya wanawake sita kumwachia huru George Zimmerman mjini Sanford, Florida, Julai 2013, na baada ya juri ya Kenosha, Wisconsin, kumwachia huru Kyle Rittenhouse Novemba 2021, sehemu kubwa ya mjadala ilihusu muundo wa juri. Katika mfumo huo juri haitoi sababu. Hutamka ana hatia au hana hatia, kisha hutawanyika. Anayedai kuwa wajumbe walipendelea hana maandishi ya hoja zao ya kuyachambua, na anayewatetea pia hana.

Wilaya za Kilimanjaro zinafaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, ziko karibu na mpaka wa nchi iliyotumia juri kwa Wazungu, lakini zenyewe zilikuwa chini ya sheria iliyokataa juri na kuchagua wazee wa baraza. Pili, kwenye miteremko ya mlima huo dhana ya mwamuzi asiyemjua mshtakiwa haikuwa na mizizi. Tangu kale, aliyestahili kuamua alikuwa yule aliyejua.

2.0 Kilimanjaro kabla ya Wazee wa Baraza

Maandishi mawili yameeleza kwa kina sheria ya Wachaga. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Moshi ya zamani kwa miaka mingi, alichapisha kitabu chake kuhusu sheria ya Wachaga mwaka 1926. Sally Falk Moore, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986 kuhusu sheria ya kimila mlimani kati ya 1880 na 1980, alionyesha kuwa kile kilichoitwa mila kilibadilika sana chini ya wakoloni, lakini ukoo na majirani wa kihamba waliendelea kuwa uwanja wa kwanza wa kusuluhisha mashauri. Katika uwanja huo, kumjua mtu hakukuwa kasoro ya mwamuzi. Wazee walipima neno la mtu kwa kukumbuka tabia yake, deni la baba yake, mpaka wa shamba lake na ugomvi wa jana. Damu iliyomwagika ilikuwa deni la ukoo mzima, na fidia yake ilijadiliwa baina ya koo.

Ujio wa Wajerumani ulivunja uhusiano huo kati ya ujuzi na uamuzi. Mfano mkali zaidi ulitokea katika kituo cha Kilimanjaro kilichokuwa Marangu. Mwishoni mwa mwaka 1891 Carl Peters, aliyekuwa Kamishna wa Dola, aliamuru mtumishi wake Mabruk anyongwe, na mapema mwaka 1892 akaamuru anyongwe pia Jagodia, mwanamke aliyekuwa akiishi kituoni. Hukumu hizo zilitolewa kwa mamlaka ya Peters mwenyewe, ambaye alikuwa na uhusiano binafsi na shauri. Baadaye alijitetea kwa kudai kuwa usalama wa kituo ulihitaji ukali. Hiyo ilikuwa hoja ya kujihami iliyopanuliwa: hofu ya mtu mmoja iligeuzwa kuwa hofu ya dola.

Mjadala wa umma ulizuka mbali na Marangu. Machi 1896 August Bebel alilipeleka suala hilo katika Bunge la Ujerumani. Katika hotuba yake alitegemea pia barua iliyodaiwa kuandikwa na Peters kwa Askofu Tucker, barua ambayo kuwepo kwake hakukuthibitishwa kamwe. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimwondoa Peters katika utumishi, lakini hakushtakiwa kwa jinai. Mwaka 1905 Kaisari alimrudishia haki ya kutumia cheo chake. Funzo la kihistoria lina pande mbili. Umma unaweza kufichua dhuluma ambayo mfumo uliifunika, na umma huohuo unaweza kujenga hoja sahihi juu ya ushahidi mbovu. Kilichokosekana Marangu hakikuwa hasira ya umma. Kilikosekana kikao ambacho watu waliowajua Mabruk na Jagodia wangeweza kusema kitu na kuandikwa.

Chini ya utawala wa Wajerumani Wazungu walihukumiwa na hakimu pamoja na wajumbe wa kiraia waliotoka miongoni mwa Wazungu wenzao, ilhali Waafrika waliwekwa chini ya mamlaka ya mkuu wa wilaya. Kunyongwa kwa Mangi Meli wa Moshi ya zamani Machi 2, 1900, pamoja na viongozi wengine, kulifanyika chini ya mamlaka hiyo ya pili, katika mazingira ambayo tuhuma za mahasimu zilikuwa na uzito kuliko utetezi. Wazungu, kwa hiyo, walipewa haki ya kuamuliwa na watu wanaowajua, na Waafrika wakanyimwa haki hiyohiyo.

3.0 Juri ya Walowezi: Gilgil 1911 na Nairobi 1959

Nchini Kenya mgawanyo huohuo ulichukua sura ya juri. Mshtakiwa Mzungu katika kesi kubwa ya jinai alikuwa na haki ya kusikilizwa na juri ya Wazungu. Mshtakiwa Mwafrika alisikilizwa na jaji pamoja na wazee wa baraza. Idadi ya walowezi ilikuwa ndogo, hivyo wajumbe wa juri mara nyingi walikuwa majirani, wateja au marafiki wa mshtakiwa. Kwa maana hiyo walifanana na wazee wa ukoo wa mlimani kwa kumjua mtu wao, lakini walitofautiana nao kwa jambo la hatari: hawakumjua marehemu, wala hawakuwajibika kwa ukoo wake.

Kesi ya Galbraith Cole inaonyesha matokeo yake. Cole alikuwa mtoto wa Earl wa Enniskillen na kaka wa Florence, mke wa kwanza wa Lord Delamere wa tatu. Alifuga kondoo Gilgil, karibu na Ziwa Elmenteita. Mwaka 1911, baada ya kuibiwa kondoo, alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kuwa mwizi naye akafa. Cole hakutoa taarifa kwa mamlaka. Alishtakiwa kwa mauaji, na juri ya Wazungu ikamwachia huru. Karen Blixen, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alisimulia hadithi iliyozunguka miongoni mwa walowezi kuwa Cole mwenyewe alikataa kutumia mlango aliofunguliwa wa kusema kuwa alikusudia kumsimamisha mwizi tu. Iwe ilikuwa hivyo neno kwa neno au la, jinsi hadithi hiyo ilivyopendwa inaeleza mengi kuhusu jamii iliyoisimulia. Unyofu wa muuaji ulipewa heshima kubwa kuliko uhai wa aliyeuawa.

Serikali ya Uingereza haikuridhika. Kwa kuwa haikuweza kutengua uamuzi wa juri, ilitumia njia ya kiutawala: mwaka huohuo Cole alihamishwa kwa nguvu kutoka nchini. Walowezi walilalamika kuwa mtu aliyeachiwa huru na mahakama ameadhibiwa na waziri. Lalamiko hilo lilikuwa na mantiki ya kisheria, na hapo ndipo penye uzito wa tukio. Mfumo uliozalisha uamuzi usio na sababu uliwaacha wote bila njia halali ya kuurekebisha, hivyo upendeleo wa juri ukajibiwa kwa nguvu za utawala badala ya hoja. Cole baadaye alirudi, na akafariki Kenya mwaka 1929.

Mwaka 1923 juri ya Nakuru ilizua mjadala mwingine katika kesi ya Jasper Abraham, mlowezi ambaye mfanyakazi wake Mwafrika alikufa baada ya kipigo. Juri ilimtia hatiani kwa kosa la kudhuru badala ya mauaji. Manung'uniko kuhusu haki ya jinai katika makoloni yalichangia kuundwa kwa tume iliyoongozwa na H. Grattan Bushe mwaka 1933, ambayo ilichunguza uendeshaji wa haki ya jinai Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hata hivyo, rangi ya wajumbe haielezi kila kitu. Oktoba 1959 jijini Nairobi, Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge, mfanyakazi wa nyumbani aliyekuwa amewatupia mawe mbwa wa Poole. Desemba mwaka huo juri ya Wazungu watupu ilimtia hatiani kwa mauaji, na Agosti 18, 1960 akanyongwa. Kati ya Cole na Poole muundo wa juri haukubadilika. Kilichobadilika ni nchi iliyowazunguka wajumbe: vita vya Mau Mau vilikuwa vimepita, uhuru ulikuwa mlangoni, na kila mjumbe alijua kuwa neno lake lingesikika nje ya mzunguko wa walowezi. Kesi ya Poole inadokeza kuwa mwamuzi wa kiraia huwa mwangalifu zaidi anapojua kuwa anatazamwa na wale wasio wake.

4.0 Tanganyika: Maoni Yanayosemwa, Hukumu Isiyofungwa

Tanganyika haikufuata njia ya juri. Chini ya sheria za Waingereza, kesi zilizosikilizwa na Mahakama Kuu zilisikilizwa kwa msaada wa wazee wa baraza. Mahakama za wenyeji zilizosimamiwa na mamangi hazikuwa na mamlaka juu ya mauaji, hivyo mtu wa Rombo, Machame au Kibosho aliyeshtakiwa kwa kuua alifikishwa mbele ya jaji wa Mahakama Kuu, na wazee walioketi kando ya jaji ndio walioileta jamii chumbani.

Utaratibu huo ulirithiwa baada ya uhuru na kuwekwa katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985. Kifungu cha 265 kiliagiza kuwa kesi zote mbele ya Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wa wazee wa baraza wawili au zaidi. Watu wa umri wa kati ya miaka 21 na 60 waliwajibika kuitwa. Baada ya ushahidi kufungwa, jaji aliwapa wazee majumuisho ya kesi, kisha kila mmoja akatakiwa kutoa maoni yake kwa mdomo, na maoni hayo yakaandikwa. Kifungu cha 298 kilieleza wazi kuwa jaji hafungwi na maoni hayo. Mwenendo wa mahakama uliongeza sharti muhimu: jaji anayetofautiana na wazee anapaswa kueleza sababu zake.

Mambo matatu yanautofautisha utaratibu huu na juri. Kwanza, mzee hutoa maoni yake peke yake, kwa jina lake, hadharani, wala hajifichi ndani ya kauli moja ya kundi. Pili, maoni yake yanaweza kujibiwa na jaji kwa maandishi. Tatu, mshtakiwa na Jamhuri wote wanaweza kukata rufaa wakiwa na kumbukumbu ya kile ambacho wazee waliambiwa na kile walichojibu. Upendeleo ukiwepo, huacha alama.

Umuhimu wa alama hiyo huongezeka katika kesi za kujihami. Kanuni ya Adhabu ya awali iliacha suala la matumizi ya nguvu katika kujilinda liamuliwe kwa misingi ya sheria ya Kiingereza. Mwaka 1980 Bunge liliongeza vifungu vya 18A hadi 18C. Vifungu hivyo vinatambua haki ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali iliyo mikononi mwake kihalali, vinaweka kipimo cha nguvu isiyozidi inayohitajika, na vinaeleza hali ambazo haki hiyo inaweza kufika hadi kusababisha kifo. Vilevile vinasema kuwa anayesababisha kifo kwa kutumia nguvu iliyopita kiasi katika kujilinda ana hatia ya kuua bila kukusudia. Ngazi hiyo ya kati, ambayo juri ya Gilgil haikuitumia, inamlazimu mwamuzi kueleza ni wapi hasa hofu ya haki iliishia na hasira ikaanza.

5.0 Ujuzi wa Jirani: Sifa au Doa?

Ni katika kueleza mpaka huo ndipo mazingira ya Kilimanjaro yanapoleta ugumu. Ukanda wa vihamba una watu wengi walio karibu karibu. Mashamba ya migomba na kahawa yamegawanywa kwa vizazi, njia ya mtu hupita kando ya ukuta wa ndugu yake, na ugomvi wa mpaka unaweza kuwa na umri mkubwa kuliko wagomvi. Mtu akisikia kishindo usiku kati ya migomba, hofu yake haiwezi kupimwa na mtu asiyejua kama eneo hilo lina wezi, kama marehemu alikuwa na tabia ya kupita hapo, au kama wawili hao walikuwa wamegombana klabuni siku iliyotangulia. Mzee wa baraza anayetoka mlimani anajua maana ya mambo hayo. Jaji aliyehamishiwa kituo hicho kutoka mkoa mwingine anaweza asiyajue.

Lakini mzee huyohuyo anaweza kuwa wa ukoo wa marehemu, mshirika wa kanisa moja na mshtakiwa, au mtu aliyekwisha kusikia maneno ya mtaani na kufikia uamuzi kabla ya shahidi wa kwanza kuapa. Sifa inayomfanya afae ndiyo inayoweza kumtia doa. Historia ya juri ya Kiingereza yenyewe ilipita njia hiyo: katika karne za kati wajumbe waliitwa kwa kuwa walijua habari za eneo lao, na karne kadhaa baadaye walitakiwa wasijue chochote.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishughulikia ugumu huu kwa njia mbili. Ya kwanza ilihusu uteuzi. Katika uamuzi wa Rufani ya Jinai namba 176 ya mwaka 1993, Mahakama ilisisitiza kanuni ya utendaji kwamba mshtakiwa apewe nafasi ya kusema kama ana pingamizi dhidi ya mzee yeyote kabla ya kesi kuanza, ili asiketi mtu mwenye upendeleo au maslahi katika shauri. Kwa mtu wa mlimani nafasi hiyo si mapambo ya kisheria. Ni mahali ambapo ujuzi wa kijiji unatumika kuzuia upendeleo wa kijiji, kwa sababu mshtakiwa mwenyewe ndiye anayejua nani ni mjomba wa nani.

Njia ya pili ilihusu maswali. Sheria ya Ushahidi iliwaruhusu wazee kuwauliza mashahidi maswali ya kufafanua. Haikuwaruhusu kuwadodosa, kwa kuwa kudodosa ni kazi ya upande unaotaka kumbomoa shahidi, na mzee anayedodosa amekwisha kuchagua upande. Mahakama ya Rufani ilifuta mienendo ya kesi kadhaa baada ya kukuta katika kumbukumbu kwamba wazee walidodosa, au kwamba majumuisho ya jaji hayakuwaeleza hoja muhimu za sheria, ikiwemo utetezi wa mshtakiwa. Kanuni hizo zilikuwa na gharama. Mshtakiwa aliyekaa mahabusu miaka mingi aliweza kurudishwa kuanza upya, na ndugu wa marehemu walirudi mahakamani kusimulia kifo kilekile mbele ya wageni wengine. Ukali wa kulinda haki dhidi ya upendeleo uligeuka, kwa baadhi ya watu, kuwa ucheleweshaji wa haki.

6.0 Soysambu 2005–2009: Pale Maoni na Hukumu Vinapotofautiana

Thamani na mipaka ya utaratibu wa wazee wa baraza ilionekana kwa uwazi katika kesi mbili zilizotokea upande wa pili wa mpaka, karibu na Ziwa lilelile la Elmenteita ambako Cole alifuga kondoo. Aprili 2005, katika shamba la Soysambu, Thomas Cholmondeley, kitukuu cha Lord Delamere wa tatu na Florence Cole, alimpiga risasi Samson ole Sisina, askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya aliyekuwa kazini bila sare. Cholmondeley alidai kuwa alidhani amevamiwa na majambazi na kwamba alijihami. Mei 2005 Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliondoa shtaka kabla kesi haijasikilizwa. Jamii ya Wamaasai iliandamana, na mjadala wa ardhi, rangi na sheria ukawaka nchi nzima.

Ni muhimu kutambua kuwa katika tukio hilo la kwanza hakukuwa na juri wala wazee wa kulaumiwa. Uamuzi ulifanyika ofisini, kabla ya jamii kupewa nafasi ya kusema neno. Mjadala wa umma ulikuwa mkali kwa sababu hiyo: hofu ya mshtakiwa ilikubaliwa bila kupimwa hadharani.

Mei 2006 Cholmondeley alimpiga risasi Robert Njoya katika shamba hilohilo, na safari hii kesi ilisikilizwa. Kenya ilifuta wazee wa baraza kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007, lakini kesi hii ilikuwa imeanza nao. Machi 2009 wazee walitoa maoni kuwa mshtakiwa hana hatia. Mei 2009 Jaji Muga Apondi alitofautiana nao, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miezi minane, baada ya miaka mitatu ambayo mshtakiwa alikuwa amekaa mahabusu.

Matokeo hayo yalikanusha dhana mbili za kawaida. Wazee wa baraza, Waafrika wa kawaida, hawakumhukumu mlowezi kwa sababu ya rangi yake, kama watetezi wake walivyohofia. Wala maoni yao hayakugeuka kuwa mlango wa kutokea bila sababu, kama ilivyokuwa kwa Cole. Maoni yalisikika, jaji akayajibu kwa hukumu ndefu yenye sababu, na umma ukapata maandishi mawili ya kulinganisha. Wengi waliona adhabu kuwa nyepesi mno, na ubishi huo haujaisha. Lakini ulikuwa ubishi juu ya sababu zilizoandikwa, tofauti na mwaka 1911, walowezi na serikali walipogombana juu ya kauli isiyo na sababu.

7.0 Lugha ya Kumbukumbu na Mabadiliko ya 2021 na 2022

Mtafiti anayetaka kupima upendeleo wa wazee wa baraza katika kesi za Tanzania hukutana na tatizo la chanzo. Kwa miongo mingi kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mashahidi, washtakiwa na wazee walizungumza Kiswahili, na pengine Kichaga kupitia mkalimani. Kilichobaki katika jalada ni tafsiri ya jaji, mara nyingi kwa ufupi wa sentensi chache. Mzee aliyesema kwa Kiswahili cha mlimani kwamba marehemu alikuwa mtu wa shari anasomeka leo kama mtu aliyetoa maoni kuhusu uchokozi. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu neno la kwanza ni ujuzi wa jirani na neno la pili ni dhana ya sheria. Anayesoma jalada na kusema kuwa wazee walikuwa na upendeleo, au kuwa hawakuelewa sheria, huenda anahukumu kalamu iliyowatafsiri.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa mara ya kwanza maoni ya mzee yangeweza kuandikwa kama yalivyosemwa, na mshtakiwa, ndugu wa marehemu na mtafiti wangeweza kuyapima bila daraja la tafsiri. Mwaka uliofuata, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali namba 1 ya mwaka 2022 iliondoa ulazima wa wazee wa baraza katika Mahakama Kuu na kuacha matumizi yao kuwa hiari ya mahakama.

Sababu za kuunga mkono mabadiliko ya pili zinaeleweka. Kesi zilizofutwa kwa makosa ya utaratibu ziliumiza pande zote, na kuwakusanya wazee kwa vikao virefu kulikuwa na gharama. Tena, kwa kuwa jaji hakufungwa na maoni yao, ilikuwa rahisi kuuliza wanaketi kwa ajili gani. Hata hivyo, mpangilio wa matukio una maana kubwa kwa mwanahistoria. Mlango wa lugha ulifunguliwa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata waliotarajiwa kupita mlangoni hapo wakaambiwa kuwa kuwepo kwao si lazima tena.

8.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa haithibitishi kuwa wazee wa baraza walikuwa waadilifu kuliko juri, wala kuwa jaji anayeketi peke yake ana upendeleo mdogo kuliko jirani. Inathibitisha jambo finyu lakini lenye uzito. Marangu mwaka 1891 hofu ya mwenye mamlaka ilijipima yenyewe. Gilgil mwaka 1911 ilipimwa na watu wa mshtakiwa bila kutoa sababu. Soysambu mwaka 2005 ilikubaliwa ofisini. Katika matukio hayo matatu, umma ulibaki na hasira bila maandishi ya kupinga. Utaratibu wa wazee wa baraza, pamoja na kasoro zake zote, ulilazimisha ujuzi wa jirani usemwe kwa sauti mbele ya mshtakiwa, uandikwe, na ujibiwe.

Jaji anayesikiliza kesi ya kujihami mjini Moshi bila wazee bado anapaswa kumjaza sura mtu wa kawaida wa sheria. Atamchora kutokana na mashahidi, mawakili na maisha yake mwenyewe. Upendeleo wake, ukiwepo, utakuwa ndani ya hukumu yenye lugha ya kitaalamu, na utakuwa mgumu kutambulika kuliko wa mzee aliyesema wazi kwa nini anaamini au haamini. Kwa hiyo hiari iliyobaki katika sheria ina thamani, na kesi za kujihami zinazotegemea mazingira ya kihamba ndizo zenye sababu nzuri zaidi ya kuitumia. Pale isipotumika, wajibu wa jaji wa kueleza kwa Kiswahili kinachoeleweka ni mtu wa aina gani aliyemfikiria, wa mahali gani na mwenye hofu ya nini, unakuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeandikwa akisema.